Kabla Hawajamzika Koko

Kambale, mdogo wangu,

Barua hii sijaifunga. Nimeiacha wazi makusudi, maana sijui itapita mikononi mwa nani kabla ya kukufikia. Nakala moja nampa mama wa samaki anayerudi Kyavinyonge, nyingine dereva wa lori la Beni, nyingine naibandika kwenye mlango wa kanisa hapa Butembo. Atakayeipata aisome kwa sauti mahali penye watu, huenda umekaa pembeni unasikiliza. Nakuomba jambo moja tu: jitokeze, au utume neno, kabla ya Jumamosi. Jumamosi watakuzika, na kwa kuwa mwili wako hatunao, watakayemweka kaburini ni Koko.

Najua ungecheka. Nisikilize kwanza, kisha ucheke.

Kwa ajili ya hao wengine lazima niseme wewe ni Kambale yupi, na hapo ndipo balaa letu lilipo. Kwetu Wanande jina ni zamu. Msichana wa kwanza ni Masika, ndiye mimi. Mvulana wa kwanza ni Paluku, na Paluku wetu alikufa kabla ya kuota meno. Mvulana wa pili ni Kambale. Basi kila nyumba iliyopata wavulana wawili ina Kambale wake, na ukisimama sokoni ukaliita jina hilo watageuka watu mpaka uone haya. Wewe ni yule fundi redio mrefu, mwembamba, mwenye alama ya moto kwenye kidole gumba cha kushoto uliyoipata kwa chuma cha kulehemu. Ukiwaza jambo unapiga mluzi usiotoa sauti. Nimeandika hivyo kwenye kila nakala.

Unaikumbuka ile ndege? Tajiri mmoja alirudi kutoka Dubai na ndege ya kuchezea ya mtoto wake, ile inayoongozwa kwa rimoti, akairusha kule Rughenda karibu na uwanja wa ndege za kweli, ikaenda moja kwa moja mtini. Akakuletea vipande ndani ya mfuko. Ulipomwambia haiponi, akakuachia. Nilikuwa upande wangu wa duka nashona sare za shule, wewe upande wako umezungukwa na maiti za redio, mara nikasikia umenyamaza. Ukinyamaza wewe nilijua kuna kitu.

"Yaya Masika, kuya uone," ukaniita mimi dada yako. Ulikuwa umeshika kidude cha ukubwa wa kiberiti, chenye nyaya tatu na mkono mdogo mweupe juu yake. "Hii banaita serivo. Hapana ni moteri ya kuzunguka ovyo. Unaiambia ifike fasi gani, inafika, inasimama, inangoja."

Mama alikuwa nyuma anachambua maharagwe. "Heri hiyo," akasema. "Mimi nilizaa batoto, nikibaambia bafike fasi, hapana fika."

Wiki ileile ukaanza kumtengeneza yule mzee wa sanamu wa kuita wateja. Kichwa kilikuwa bidoni la mafuta, nikalishonea ngozi ya kitambaa cha kahawia na kulipachika ndevu za mbuzi. Taya lilining'inia kwa bawaba ya dirisha, na spoki ya baiskeli ikaliunganisha na serivo moja. Serivo ya pili ukaiweka shingoni. Meno yalikuwa punje za mahindi, panya wakayala, tukaweka mengine. Koti lilikuwa la marehemu baba. Mama alipoliona likiwa mabegani mwa sanamu alisema tu kwamba kola imekaa vibaya, akainyoosha. Tukamwita Koko, kama tunavyomwita babu yeyote.

Shida ilikuwa kumfanya aseme. Kufungua mdomo si kusema, hata bata anafungua mdomo. Ukanieleza kwamba kaseti ya stereo ina njia mbili zinazokwenda pamoja, kushoto na kulia. Ya kushoto tutaweka sauti ya Koko, ambayo ni sauti yako uliyoizeesha, itoke kwenye spika iliyofichwa kifuani mwake. Ya kulia tutaweka amri, na amri hizo hazisikiwi na mtu, zinasikiwa na serivo peke yake. Ukaunda kibao kidogo kwa vipuri vya redio zilizokufa. Kikisikia mlio wa kugonga, mdomo unafunguka. Kikisikia mguno mzito, shingo inageuka.

Amri uliniachia mimi. Wewe ulikaa dukani na mikrofoni yako, mimi chumba cha nyuma na yangu, blanketi kichwani ili sauti zisichanganyike, spika ndogo ya sikioni ikiniletea maneno yako. Nilivaa kastabini, ile kofia ya chuma ya kidole, nikawa nagonga ukingo wa meza kwa kila silabi uliyoitamka, na kuguna pale Koko alipotakiwa kugeuka. Jasho lilinitoka Butembo hii ya baridi.

Ikatoka vibaya. Maneno yalitangulia na taya likafuata nyuma, Koko akawa kama anatafuna alichokwisha kukisema. Ukaangalia, ukapiga mluzi wako bubu, ukagundua kwamba serivo ina uzito wake, inachukua muda kuinua taya.

"Yaya, hapana ngoja nitamke," ukasema. "Weye ni muzaliwa wa kwanza. Tangulia."

Nikajifunza kugonga kabla hujasema. Nilipaswa kujua utasema nini, utavuta wapi, utameza mate wapi, na kidole kifike mbele yako kidogo tu. Tulirudia mpaka betri ikaisha, tukaenda kuichajisha, tukarudia tena. Ukatatua matatizo mengine pia: serivo na spika zilipokula betri moja, kila mdomo ulipofunguka spika ilikoroma, ukahangaika mpaka ukazitenga, kila moja na betri yake. Sijawahi kumsikiliza mtu kama nilivyokusikiliza siku zile. Ndiyo maana sasa ukimya wako unaniumiza masikio, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Halafu ile siku tulipomweka mlangoni! Uliwaza wewe mwenyewe ujanja ule. Koko aligeuza shingo, akafungua mdomo, akawaita watu wa barabara nzima: "Masika! Kambale! Kahambu! Kasereka! Munapita bila kusalimia Koko? Radio yenu imenyamaza, munasema ni vita imeifunga mudomo? Donc, muilete huku." Katika mji huu wa majina ya zamu, nani asingegeuka? Mwenye mzigo kichwani aligeuka, wa baiskeli aligeuka akaingia mferejini. Mama mmoja alimjibu Koko kwa Kinande, akamkaripia kwamba anamwita kwa jina na hata baba yake hamjui. Tulikuwa ndani tumeshikana mabega, tunacheka hadi machozi. Vita vilikuwepo, bei ya chumvi ilikuwepo, na sisi tulicheka.

Tatizo la mwisho hukulitatua. Nyaya za Koko zilikuwa ndefu, zikinasa mawimbi kama antena, na askari wakipita karibu wakaongea kwenye motorola zao, zile redio za mkononi, serivo zilichanganyikiwa. Koko alianza kutetemeka, taya likigongana, shingo ikikatakata. Ulitaka kumrekebisha. Majirani wakakataa. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba Koko akitetemeka, haichukui muda askari wanatokea kwenye kona. Basi ikawa mtu akisema "Koko anasikia baridi," wenye maduka wanarudisha bidhaa ndani na wasichana wanaingia majumbani.

Siku waliyokuja ilikuwa mchana, jua linawaka, na Koko alitetemeka kama mwenye malaria. Kamanda alisimama mbele yake akavutiwa. Akauliza kwa Kilingala chao, "Koko azali kobanga nini?" Alitaka kujua babu anaogopa nini.

"Baridi, commandant," ukajibu.

Akacheka. Askari wake wakacheka. Kisha akaibonyeza motorola yake tena, polepole, akimtazama Koko, na Koko akatetemeka. Akaiachia, Koko akatulia. Akabonyeza. Kicheko kikaisha.

"Mutu anajua namna hii radio yetu," akasema, "atatutengenezea phonie, radio kubwa za kambi. Zote zimekufa kule Beni. Muchukue ye na vyombo vyake."

Wakachukua chuma chako cha kulehemu, wakachukua na deki ya kaseti, ile yenye kurekodi njia mbili. Koko walimwacha, kamanda alisema hataki mzee wa kulisha. Ulipopanda gari ukanigeukia. Nilidhani utanipa neno la kumpelekea mama. Ukasema, "Yaya, toa betri kwa Koko, hapana acha zimwage maji ndani." Hayo ndiyo niliyobaki nayo.

Mwanzoni tulipata habari zako. Wachuuzi walisema wamekuona ndani ya kambi, umekaa juu ya sanduku la risasi, unafungua phonie. Nilikutumia maharagwe na sabuni, sijui kama vilifika. Kisha nikaletewa ujumbe wa furaha: Kambale wa kambini amepewa ruhusa ya kutoka mchana, anamngoja dada yake Masika kwenye ua wa parokia kule Beni. Sikuuliza mara mbili. Nilibeba viazi vya Lubero na sweta yako, nikapanda juu ya mizigo ya lori.

Sijawahi kukusimulia hili, na namna ya kukusimulia sinayo. Nilifika nikamwambia mlinzi wa parokia, "Mimi ni Masika." Akapaza sauti, "Kambale! Masika amefika!" Kijana akatoka nyuma ya ukuta akikimbia, mikono imefunguka, anaita "Yaya! Yaya!" Alikuwa mfupi. Miguu ilikuwa imevimba. Alifika mbele yangu akasimama, mikono bado iko hewani.

"Samahani, mama," akasema. "Nilifikiri ni Masika yangu."

"Na mimi nilifikiri ni Kambale yangu."

Tuliketi chini palepale. Alikuwa mtu wa Lubero, wamemkamata njiani, kazi yake kambini ni kuchajisha betri. Na wewe? Akasema ndiyo, kuna mwingine mrefu wa phonie, walimpeleka mbele na wanajeshi, bado hajarudi. Alikula viazi vyote, akalia akiwa anakula. Akanisindikiza hadi kwenye lori kama ndugu. Sweta yako sikumpa. Alikuwa na nguo iliyochanika mgongoni, nikaona, na bado sikuweza. Nilirudi nayo.

Baada ya hapo kimya. Ikapita misimu ya maharagwe. Mwishowe nikamwomba Mama Kahambu, yule anayeleta samaki kutoka Kyavinyonge, apitie langoni mwa kambi aulize. Ni mwanamke asiyeogopa kitu. Akauliza, "Kambale, fundi, yuko?" Mlinzi akamjibu, "Kambale hapana."

Basi. Maneno mawili.

Nilimshika Mama Kahambu nikamhoji mpaka akachoka nami. Hapana gani? Hapana, hayuko hapa? Hapana, hatumjui? Hapana, ameondoka duniani? Sisi tunalitumia neno hilo kwa kila kitu, kwa chumvi iliyoisha na kwa mtu aliyekufa. Alisema vipi? Aliinamisha uso? "Alikuwa anakula muhindi," Mama Kahambu akaniambia. "Masika, mutu anakula muhindi utamusoma namna gani?" Ningekuwa pale mimi ningejua, Kambale. Masikio haya yalilijua neno lako kabla hujalitoa. Lakini neno hili sikulisikia, nimeletewa tu, limepoa njiani.

Na Kambale yupi? Kambini walikuwepo wawili, wote wakiitwa mafundi. Hapa nitasema jambo la aibu, na wasomaji wengine wanisamehe. Usiku na mchana naomba awe yule mwingine. Yule aliyenikimbilia mikono wazi, aliyekula viazi vyangu, naomba kwa Mungu awe ndiye aliyekufa, na dada yake huko Lubero najua anaomba awe wewe. Mungu atusikilize yupi? Nimeingia kanisani nikatoka bila kupiga magoti kwa sababu sala yangu inanitisha.

Baba mdogo aliwaita watu wa ukoo. Alisema taratibu, hana ubaya. "Masika, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama yako anakwisha. Mutu akipotea bila mwili, bazee balizikaka mugomba. Tutakata mugomba, tutauvika nguo, tutauzika, tutakaa matanga, tutapumuzika."

Mimi nilikataa, kama nilivyokataa kila mara. Ila mama naye alikataa, kwa jambo jingine kabisa. "Mugomba sitazika," akasema. "Mugomba haukunisalimia hata siku moja. Muniletee Koko. Iko na koti ya bwana yangu, iko na sauti ya mutoto yangu."

Watu wote wakanitazama. Unaona walivyonibana? Nikasema basi wachukue mwili wa Koko, kaseti inibakie. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema mutu hapana zikwa nusu. Kunakili siwezi, deki ya njia mbili ilikwenda nawe, na hapa mjini zilizobaki zinacheza tu, hazirekodi. Kwa hiyo Jumamosi itaingia ardhini sauti yako, na pembeni yake, njia ya kulia, kugonga kwangu kote. Nilipomwambia Baba mdogo kwamba na mimi nimo mle ndani, hakuelewa, akadhani ni uchungu unaongea.

Naogopa, Kambale. Naogopa kwamba tukikuzika utakuwa umekufa. Najua si hivyo mambo yanavyokwenda, lakini wewe jaribu kukaa mahali pangu. Naogopa pia kwamba uko mahali fulani msituni na phonie mgongoni, unawaza dada yangu ananitafuta, na kumbe dada yako anapima kitambaa cha sanda ya sanamu. Nimekishona mwenyewe. Nisingemwachia mtu mwingine, angekosea mabega.

Lakini lazima nikwambie habari ya mama, maana ndiyo iliyonivunja. Tangu siku uliyochukuliwa hajalia. Unajua tulivyolelewa: hulilii mtu aliye hai, utamwita kifo. Kwa hiyo alijizuia. Kilio kikimjia alitia ncha ya kitenge mdomoni akauma, akaenda kuchota maji ambayo hatuyahitaji. Mimi nilipokuwa nasema "yuko hai, yuko hai," nilidhani nampa mama tumaini. Nilikuwa namfunga mdomo.

Leo asubuhi amekuja dukani akakaa kwenye kiti chako. Hakumtaja Koko, hakuitaja Jumamosi. Amesema, "Masika, nimechoka kubeba hii kilio. Nipe ruhusa nilie."

Mama aliyenizaa ananiomba mimi ruhusa. Nimempa. Nimemwambia, "Mama, lia." Amelia mpaka majirani wamefunga milango yao kwa heshima, na hakuna aliyeingia kuuliza ni nini, wote walijua. Nilimshika. Mimi sikulia. Nilikuwa bado naangalia barabara.

Kambale, kaa na Mungu mahali popote alipokuweka. Kama uko hai, nisamehe kwa kukuzika, na uje unitukane, tutalifukua kaburi pamoja kwa mikono. Kama umekufa, nisamehe kwa machozi ya mama niliyokunyima muda wote huu. Sijui msamaha upi ndio wangu, kwa hiyo naomba yote miwili.

Dada yako mkubwa,
Masika